Austria haitaki umeme wa nyuklia ila inasomesha watu wa nyuklia, hebu tuongee

Kuna nchi inaitwa Austria, ipo katikati ya Ulaya, hawa jamaa walijenga kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia sehemu inaitwa Zwentendorf kando ya mto Danube, wakakimaliza kabisa, halafu tarehe 5 Novemba 1978 wakaita wananchi wapige kura kiwashwe au kisiwashwe. Waliosema kisiwashwe wakashinda kwa asilimia 50.47. Yaani kura kiduchu mno. Kinu hakijawashwa mpaka leo. Na mwaka 1999 wakaona haitoshi, wakaweka kwenye katiba kabisa kwamba Austria ni nchi isiyo na nyuklia.

Sasa sikia. Nchi hiyohiyo, pale Vienna, chuo kikuu cha ufundi kina kinu kidogo cha nyuklia ambacho kinafanya kazi tangu 1962, nguvu yake kilowati 250, hakiuzi umeme kwa mtu, kazi yake ni utafiti na kufundishia. Wakaguzi wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, hawa IAEA ambao makao yao makuu yapo hapohapo Vienna, wanapikwa pale. Na kile cha Zwentendorf kilichokataliwa na wananchi, kwa kuwa hakina mionzi hata chembe, wahandisi wa nchi nyingine wakawa wanakitumia kujifunzia, unaingia mpaka sehemu ambazo kwenye kinu kinachofanya kazi usingethubutu kusogea.

Nimeanza na Austria kwa sababu kuna mabishano yalitokea hapa dukani kwangu na nimeyabeba kichwani muda mrefu, nikaona bora niyaandike.

Kwa wasionifahamu, mi nina stesheneri Mwanjelwa, Mbeya. Kuprint, kuskani, laminesheni, picha za pasipoti, na kazi kubwa kuliko zote sa hivi ni kujazia watu fomu mtandaoni. Mkopo wa chuo, ajira, namba ya mlipakodi, udahili, vyote hivyo vinapita kwenye kompyuta zangu hizi mbili. Kwa hiyo nasoma vitu ambavyo nisingevisoma kabisa maishani.

Akaja binti mmoja wa Rungwe, amemaliza digrii ya fizikia, anafundisha kwa kujitolea sekondari flani wakati akisubiri ajira. Kashika simu, kafungua ukurasa wa masta inaitwa SARENA, mambo ya usalama wa matumizi ya nyuklia, unasoma kwa kuzunguka vyuo vya Ufaransa, Uhispania, Finland na Slovenia. Wakikuchukua kwa ufadhili hulipi ada, na unapewa euro 1,400 kila mwezi za kujikimu. Piga hesabu, hiyo ni kama milioni nne za kwetu kwa mwezi.

Akaniambia, "Shikamoo anko. Hivi hii ni ya kweli au ndo wale matapeli?"

Swali la msingi sana hilo, maana hapa nimeshaona watu wameliwa hela kwa fomu za Canada za kutunga. Nikamwambia mwanangu kaa hapo, tusiangalie picha za wazungu wanaocheka kwenye nyasi, tuangalie nani analipa. Ukijua hela inatoka wapi na imepitishwa na nani basi utapeli unajulikana mapema.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja mteja wangu, zamani alifanya kazi mgodi wa makaa kule Kiwira, anakuja kuprint makaratasi ya mafao halafu haondoki, anasoma magazeti ya jana. Akadakia: "We kijana, wazungu wenyewe wanafunga hivyo vinu, Ujerumani wamezima vyote, wewe unampeleka mtoto wa watu akasomee kitu kinachokufa?"

Na ni kweli Ujerumani walizima vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Mzee anasoma, usimchukulie poa.

Basi mi nikaanza kuchimba. Ule ufadhili wa SARENA unatoka kwenye Erasmus, ni mfuko wa elimu wa Umoja wa Ulaya, ni wa kweli kabisa. Lakini katika kufuatilia ndo nikakutana na kitu kikubwa zaidi nyuma yake, kinaitwa Euratom, na hapo ndo usingizi ukapotea na bando likaisha.

Euratom ni jumuiya ya nguvu za atomiki ya Ulaya. Mkataba wake ulisainiwa Roma tarehe 25 Machi 1957, siku moja na ule mkataba mkubwa uliozaa soko la pamoja la Ulaya, nchi sita tu: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Ukaanza kazi 1 Januari 1958. Hebu fikiria hapo, Tanganyika yetu bado ipo chini ya Mwingereza, wenzetu wameshakaa wakaandika kwamba utafiti wa nyuklia na kufundisha wataalamu tutalipia kwa pamoja. Na mkataba huo haujafumuliwa kama ile mingine, bado upo.

Ndani ya mkataba kuna kifungu cha 7, nacho kinasema mpango wa utafiti na mafunzo hauruhusiwi kuzidi miaka mitano na lazima nchi zote zikubali, zote bila hata moja kugoma. Bunge la Ulaya linaombwa ushauri tu, halipigi kura ya kuupitisha. Hili la miaka mitano linawasumbua kweli maana bajeti kuu ya Umoja wa Ulaya inaenda kwa miaka saba, kwa hiyo kila mara wanabaki na kipande cha miaka miwili kinachoning'inia na inabidi wakitungie mpango wake. Mfano mpango wa 2014 hadi 2018 ulikuwa kama euro bilioni 1.6, halafu wakaongeza kipande cha 2019 na 2020, euro milioni 770. Ukafuata wa 2021 hadi 2025, euro bilioni 1.38. Nao ukaishia kabla ya bajeti kuu, kipande cha 2026 na 2027 kikabaki kilekile.

Bilioni 1.38 ukiitamka unaona ni mlima. Ila gawanya kwa watu wa Umoja wa Ulaya, wapo kama milioni 450, halafu gawanya kwa miaka mitano. Haifiki euro moja kwa mtu kwa mwaka. Na mfuko wao mkubwa wa utafiti wa mambo mengine yote, Horizon Europe, ulipoanza 2021 ulipangiwa euro bilioni 95.5 kwa miaka saba. Kwa hiyo anayekwambia Ulaya wanamwaga hela zao za utafiti kwenye nyuklia muulize amezihesabu lini.

Sasa hiyo 1.38 inaendaje. Milioni 583 ni utafiti wa fyusheni, yaani kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya. Milioni 266 ni fisheni, yaani kupasua viini, hivi vinu vya kawaida tunavyovijua, pamoja na usalama, taka na kinga ya mionzi. Na milioni 532 ni za kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya wenyewe, kinaitwa JRC, kina maabara za nyuklia Karlsruhe Ujerumani, Geel Ubelgiji, Petten Uholanzi na Ispra Italia.

Umeona hapo? Karlsruhe. Ujerumani. Nchi iliyozima vinu vyake vyote ina maabara ya nyuklia inayolipiwa na Ulaya nzima na haijafungwa. Mzee wa Kiwira nilipomwonyesha akanyamaza kidogo akasema "sasa wanafanya nini humo?"

Wanafanya mengi na karibu yote hayana mvuto wa kuandikwa gazetini, ndo maana hatuyasikii. Wanasoma tabia ya mafuta ya nyuklia yaliyokwisha tumika. Wanawafundisha wakaguzi namna ya kupima na kuhesabu urani na plutoni ili isije ikapotea hata kidogo mtu akaenda kutengenezea ujinga. Geel wanatengeneza sampuli za vipimo, zile ambazo maabara nyingine zinalinganishia mashine zao. Ispra ndo kuna mfumo unaokusanya vipimo vya mionzi ya hewani kutoka vituo maelfu huko Ulaya, kikipanda mahali wanajua. Na Karlsruhe hukohuko wamefanya kazi kubwa kwenye dawa ya saratani inayotumia aktiniamu-225, kitu chenye mionzi, unaipeleka mwilini inaenda kushika seli ya saratani na kuipiga kwa karibu.

Halafu mtu akizima kinu haina maana kazi imeisha. Kinu kilichozimwa kinabomolewa kwa miongo, mafuta yake yana mionzi kwa maelfu ya miaka, kuna bomba, kuna zege, kuna maji, vyote hivyo vinataka mtu anayejua anachokishika. Wafini wamechimba shimo Olkiluoto, linaitwa Onkalo, zaidi ya mita 400 chini kwenye mwamba, la kuzika hayo mafuta, na hela ya kuchimba wametozwa wenye vinu wenyewe. Ila maswali ya kisayansi ya kuzika taka, mwamba unafanyaje, chuma kinaoza vipi, maji yanapita wapi, hayo nchi nyingi za Ulaya zinayafanyia utafiti kwa pamoja kwenye mradi wa Euratom unaitwa EURAD. Kwa hiyo Mjerumani aliyezima anamhitaji mtaalamu wa nyuklia pengine kwa muda mrefu kuliko aliyewasha. Wahandisi waliojenga vile vinu miaka ya 70 na 80 wamestaafu, wengine wameshazikwa, na kijana wa Ulaya ukimwambia akasome nyuklia anakuambia anataka kutengeneza app.

Hapo ndo mafunzo yanapoingia, na hapa ndo mi nawavulia kofia. Tangu 2003 wana mtandao wa vyuo unaitwa ENEN, na kupitia miradi inayolipiwa na Euratom mwanafunzi au mtafiti anapewa nauli na posho akakae kwenye maabara ya nchi nyingine, ashike mitambo ambayo kwao haipo. Mtoto wa nchi isiyo na kinu anaenda kujifunzia kwenye kinu cha jirani. Wamekubali kwamba sio kila nchi lazima iwe na kinu, ila kila nchi lazima iwe na watu wanaoelewa mionzi. Na ndo maana hata Austria ambayo ingeweza kugoma, kumbuka kifungu cha 7, kura moja tu ya hapana mpango unalala, huwa haigomi. Hela ya fisheni imeelekezwa kwenye usalama, kinga ya mionzi, taka na kusomesha. Asiyetaka nyuklia na anayetaka nyuklia wote wanakubali kulipia mtu wa kupima.

Sijasema kila kitu chao nakikubali. Fyusheni hapana, hapo mi nina maneno.

Kuna mashine ilikuwa Uingereza, Culham, inaitwa JET, Oktoba 2023 ikavunja rekodi ya dunia, ikatoa nishati ya megajuli 69 kwa muda wa sekunde chache kutokana na mafuta miligramu 0.2. Ulimwengu ukapiga makofi. Mi nikachukua kalkuleta ya duka. Megajuli 3.6 ndo yuniti moja ya luku. Kwa hiyo 69 ni yuniti 19 na chenji. Umeme ambao friji na taa za nyumba moja zinakula wiki chache tu. Na hapo mashine yenyewe kuiwasha imekula nishati nyingi kuliko iliyotoa. Najua, najua, wanafizikia watanishukia, sio suala la yuniti ni suala la kuthibitisha kwamba inawezekana, na kweli miligramu 0.2 kutoa yuniti 19 ni maajabu. Sibishi. JET ikafungwa Desemba hiyohiyo 2023.

Kubwa lao ni ITER, inajengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, wamo Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, China, India, Japani na Korea Kusini. Ulaya inabeba asilimia 45.6 ya gharama za ujenzi. Na hela yake haimo kwenye ile 1.38, ITER ina fungu lake pembeni, euro bilioni 5.61 kwa 2021 hadi 2027. Mwanzoni walisema itawaka 2016. Wakasema 2025. Mwaka 2024 wakatoa ratiba mpya, utafiti utaanza 2034. Mi ni mtu wa Mbeya, nimezoea kuahidiwa barabara, lakini hii ya kutoka 2016 mpaka 2034 hata sisi tungeandika barua.

Sasa linganisha. Fisheni, usalama, taka, kinga ya mionzi, mafunzo, ukiacha fungu la JRC, vyote pamoja milioni 266 kwa miaka mitano. Fyusheni 583 na bado ITER ina mabilioni yake. Ningekuwa na kura ningehamisha, ningechukua hata robo ya fyusheni nikaipeleka kwa watu wa kinga ya mionzi na kwa vinu vya kutengeneza dawa. Kwanini nasema dawa, twende Petten.

Petten ni kijiji cha Uholanzi pembeni ya bahari, kuna kinu kinaitwa HFR, kimeanza 1961, mmiliki ni huo Umoja wa Ulaya wenyewe. Humo wanatengeneza molibdenamu-99, ambayo ikioza inatoa teknetiamu-99m, na hii teknetiamu ndo inayotumika hospitali duniani kote kupiga picha za mifupa, moyo, tezi, kuona saratani imesambaa wapi. Ubaya wake haiwekwi stoo. Teknetiamu kila baada ya saa 6 nusu yake imekwisha, molibdenamu yenyewe kila baada ya saa 66 nusu imekwisha. Kwa hiyo lazima vinu viwe vinafanya kazi wiki hadi wiki, na vinu vya kazi hiyo duniani vinahesabika, tena vingi ni wazee. Petten ilisimama Agosti 2008 mpaka Februari 2009 kwa tatizo la bomba la kupozea, mwaka 2009 huohuo kile cha Canada cha Chalk River nacho kikasimama zaidi ya mwaka, hospitali kibao duniani zikaahirisha vipimo. Oktoba 2024 Petten tena, bomba limepinda, ikachelewa kuwaka, upungufu ukarudi.

Hiki kwangu ndo kipaumbele. Huku nyanda za juu kusini tunajua maana ya mtu kuambiwa aende Ocean Road. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Tunduma, Makete, Ludewa, Kyela, akihitaji tiba ya mionzi anapanda basi kwenda Dar, analala kwa ndugu Mbagala au Kimara, anarudi kliniki wiki baada ya wiki. Kila ukoo hapa una hadithi hiyo. Na pale Ocean Road mashine pekee haitoshi, kuna mtu anaitwa mwanafizikia wa tiba, ndo anayepiga hesabu mgonjwa apewe mionzi kiasi gani na ielekezwe wapi, akikosea kidogo unaunguza nyama nzima isiyo na ugonjwa. Huyo mtu anatokana na digrii ya fizikia kama ya yule binti wa Rungwe.

Nilipofika hapo mzee akasema sawa, hospitali nimekuelewa, ila umeme wa nyuklia wa nini sisi tuna maji na makaa. Na mi nikamwambia mzee wangu hata mi sisemi tujenge kinu Mbeya. Tuna bwawa la Nyerere, megawati 2,115, tuna Kihansi, tuna Mtera, pale Ngozi wanatafuta jotoardhi. Umeme wa nyuklia kwa sasa sio kilio changu. Kilio changu ni kwamba nyuklia imeshatuzunguka tayari, tutake tusitake.

Angalia ramani. Ukivuka Kasumulu ukashuka Karonga, ukikata magharibi kuna mgodi wa urani wa Kayelekera, Malawi, ulifunguliwa 2009, ukasimama 2014 bei ya urani ilipoporomoka, na 2025 umefufuliwa. Watu wa Kyela wanauziana mchele na watu wa huko kila siku. Upande wa pili, Ruvuma, wilaya ya Namtumbo, kuna Mto Mkuju, urani yetu wenyewe. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa pori la akiba la Selous usogezwe kupisha mradi huo, nyuma ya mradi wapo Warusi wa Rosatom, shirika lao la nyuklia, na Julai 2025 Rais Samia alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata. Sio habari za kesho hizo, ni za leo.

Urani ikiwa mwambani haina shida na mtu. Ukiichimba na kuisaga ndo vumbi linatoka, gesi ya radoni inatoka, na yale mabaki, lile tope linalobaki baada ya urani kuchukuliwa, bado lina mionzi na litakaa pale baada ya kampuni kuondoka. Anatakiwa mtu wa kupima vumbi, wa kusoma vile vibeji vya kupimia mionzi wanavyovaa wafanyakazi, wa kupima maji ya mto leo na miaka 40 ijayo. Mtu huyo awe wetu. Asiwe wa kampuni tu, maana wa kampuni analipwa na kampuni, hilo halihitaji PhD kulielewa.

Chombo tunacho, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ipo kwa sheria namba 7 ya 2003. Wafanyabiashara wa parachichi na mahindi wanaijua kupitia cheti cha mionzi. Watu wanalalamika kile cheti cha nini, parachichi limepata wapi mionzi, ila chanzo chake ni Chernobyl, kile kinu cha Ukraine kilicholipuka 1986, mawingu yenye mionzi yakasambaa, Ulaya wakaweka kikomo cha sisiamu yenye mionzi kwenye chakula kutoka nchi zilizoathirika, bekereli (ndo kipimo cha mionzi) 370 kwa kilo kwa maziwa na chakula cha watoto, 600 kwa vingine, na tangu hapo dunia nzima inaulizana chakula chako umekipima? Usipokuwa na maabara yako na mtu wako, unaamini namba ya mwenzio.

Na wala hatuanzi sifuri. Nani anakumbuka mbung'o wa Unguja? Walizalishwa mbung'o kwa wingi Tanga, madume yakapigwa mionzi ya gama yakawa hayawezi kuzalisha, yakamwagwa Unguja kwa ndege tangu 1994, majike yakapandwa bila faida, na kufikia 1997 kisiwa hakina mbung'o. Hiyo ni nyuklia ya Kitanzania, haikuwasha taa hata moja, na ng'ombe wa watu wakapona ugonjwa wa ndorobo unaoletwa na mbung'o. IAEA walishiriki, ndiyo, ila walioshika zile nzi kule Tanga walikuwa watu wa hapa.

Kwa hiyo mi nikisikia urani ya Mkuju itatuletea kodi na mrabaha, sawa, nafurahi, ila swali langu kwa mbunge wangu na kwa yeyote atakayekuja kuomba kura Mwanjelwa ni dogo: kiasi gani katika hiyo hela kimefungwa kisheria kwa ajili ya kusomesha wapimaji? Nimesema kisheria, maana ahadi ya jukwaani haina kifungu cha 7. Na wasomeshwe kabla mgodi haujafika kileleni. Mhandisi wa nyuklia haivi kwa kozi ya wiki mbili yenye posho na chakula cha mchana hotelini.

Wengine watasema nchi sita za Ulaya zilikuwa tajiri zikaweza. Mwaka 1957 walikuwa wametoka vitani miaka 12 tu nyuma, miji mingine ilikuwa bado magofu. Halafu walichanga. Sisi na Malawi tuna urani pande mbili za Ziwa Nyasa, Zambia yupo hapo Tunduma, Namibia anachimba miaka mingi, Afrika Kusini ana kinu cha Koeberg cha umeme na kile cha SAFARI-1 kinachotengeneza hizo isotopu za hospitali, kama ile molibdenamu ya Petten. Wote tupo SADC. Mtoto wa Mbeya kwenda kukaa miezi sita kwenye maabara ya Pretoria kwa nauli ya mfuko wa pamoja ni jambo gumu hivyo?

Mzee wa Kiwira mpaka leo hajakubali yote. Anasema makaa hayana mionzi, nikamwambia yana kidogo, majivu yake nayo yana chembe za urani na thoriamu, akachukua kofia yake akaondoka. Kesho yake karudi kusoma gazeti.

Yule binti alituma maombi, wakamweka kwenye orodha ya akiba. Hakukata tamaa, sasa hivi tunaandaa mengine. Na kwa kuwa mnanisumbua sana inboksi nikishaweka habari za skolashipu, majibu yenu haya hapa. Kwa mabinti, IAEA wana ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, umeanza 2020, ni wa masta kwenye mambo ya nyuklia, unatoa mpaka euro 10,000 kwa mwaka za ada na mpaka 10,000 kwa mwaka za kuishi, na Umoja wa Ulaya ni mmoja wa wanaouchangia. Kwa wote, masta za pamoja za Erasmus mara nyingi dirisha linafungwa kati ya Desemba na Februari, angalia mwaka husika kama kozi unayoitaka ina ufadhili. Hakuna kati ya hizo inayokudai hela ya fomu kwa simu, ukiombwa utume kwa namba ya mtu jua umeibiwa. Pasipoti anza mapema, usingoje upate majibu. Transkripti iombe chuoni ukiwa bado unakumbukwa, na walimu wawili wa kukuandikia barua waambie mwezi mzima kabla, sio usiku wa mwisho unanipigia anko mtandao upo? Kuskani ni mia mbili kwa karatasi, kusoma barua yako ya maombi na kukusahihishia ni bure ila njoo asubuhi kabla watu wa mikopo hawajajaa. Jumapili sifungui.